Mganga Hajigangi: Wakili Otieno na Wosia Usioandikwa

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, baba yangu mdogo alifariki ghafla mjini Kampala. Maiti yake ilikaa mochari siku sita. Haikukaa kwa sababu ya kukosa pesa za gari wala jeneza, bali kwa sababu hatukuweza kukubaliana imzikwe wapi. Sisi ni Jopadhola, watu wa Tororo, karibu na mpaka wa Kenya. Mkewe anatoka magharibi mwa Uganda. Wazee wa ukoo walitaka mtoto wao alale nyumbani karibu na kaburi la baba yake. Mjane alisema marehemu alimwambia zaidi ya mara moja kwamba angependa kuzikwa katika kiwanja walichonunua pamoja huko Wakiso. Wazee wakamuuliza: alikuambia mbele ya nani? Hakuwa na jibu, kwa maana mume na mke wanapozungumza usiku hawaiti mashahidi.

Siku ya tano mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya reli upande wa Kenya alisimama akasema, "Jamani, mnataka tuwe kama watu wa Otieno?" Wazee wote wakainamisha vichwa. Sisi vijana tukatazamana, maana hatukujua Otieno ni nani. Kesho yake shemeji yetu alikubali, kwa machozi, tukasafiri naye usiku hadi Tororo.

Tulipotakiwa kuandika juu ya tukio la kihistoria la nchi jirani, sikuhitaji kutafuta mbali. Nimesoma habari za kesi ya Otieno kwa muda sasa, na naona inafaa kuelezwa kwetu sisi ambao hatukuwa tumezaliwa wakati ule.

Silvano Melea Otieno, ambaye wengi walimwita S.M., alikuwa Mjaluo wa Siaya, magharibi mwa Kenya. Alizaliwa mwaka 1931, akasoma sheria nchini India, akarudi na kuwa mmoja wa mawakili maarufu wa kesi za jinai jijini Nairobi. Alipenda Shakespeare na filamu za televisheni za wakili Perry Mason. Mwaka 1963 alimwoa Virginia Edith Wambui Waiyaki, mwanamke Mkikuyu wa familia yenye jina kubwa: kitukuu cha Waiyaki wa Hinga aliyewapinga Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, na yeye mwenyewe alishiriki katika harakati za Mau Mau. Kaka yake, Munyua Waiyaki, aliwahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Otieno na Wambui walifunga ndoa ya kisheria, si ya kimila, wakalea watoto wengi Nairobi, na wakawa na shamba Upper Matasia, upande wa Ngong.

Tarehe 20 Desemba 1986, siku ya Jumamosi, Otieno aliugua ghafla akafariki. Hakuacha wosia ulioandikwa.

Msomaji asiipite haraka sentensi hiyo. Mtu huyu alijua mahakama kama mvuvi anavyojua ziwa. Bila shaka aliona wajane wakilia kwenye korido na ndugu wakigombana mbele ya hakimu. Waswahili husema mganga hajigangi, na mimi nilidhani ni mzaha wa kuwacheka waganga mpaka niliposoma kesi hii. Kwa nini hakuandika, si kazi yangu kubuni. Ninachojua ni kwamba nyumbani kwetu kuandika wosia huonekana kama kukiita kifo kwa jina. Babu yangu alikuwa akisema kwamba mti hauulizwi utaangukia wapi ungali na majani.

Wambui alitangaza kwamba mumewe angezikwa Matasia. Upande wa pili, ndugu wa marehemu, Joash Ochieng Ougo, pamoja na Omolo Siranga aliyeongoza ukoo wa Umira Kager hapo Nairobi, walisema Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Wambui akaenda Mahakama Kuu. Mwanzoni alishinda: Jaji Frank Shields aliamua kwa faida yake. Ukoo ukakata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ikazuia mazishi na kuagiza kesi isikilizwe kikamilifu, mashahidi waitwe. Ikasikilizwa na Jaji S.E.O. Bosire mwanzoni mwa mwaka 1987.

Kuanzia hapo jambo la familia likawa la nchi nzima. Watu walijaa nje ya mahakama na magazeti yakaisha asubuhi mapema. Babu anakumbuka kwamba hata huku kwetu mpakani watu waliifuata kwenye redio, na waliokuwa wakienda Malaba walirudi na gazeti moja likasomwa na kijiji kizima. Kwa wengine lilikuwa suala la Wajaluo na Wakikuyu. Wengine waliliona kama suala la mwanamke na ukoo, au la mji na kijiji. Wanahistoria David William Cohen na E.S. Atieno Odhiambo waliandika kitabu kizima juu ya mazishi haya, kilichotoka mwaka 1992, na sishangai.

Wakili wa mjane, John Khaminwa, alijenga hoja yake juu ya maisha ya marehemu. Otieno, alisema, alikuwa mtu wa kisasa, aliyeoa kwa sheria ya nchi na kuishi maisha ya mjini. Mila zisimfuate mtu aliyeziacha mwenyewe. Wakili wa ukoo, Richard Kwach, alijibu kwamba mtu haachi kuwa Mjaluo kwa sababu amevaa suti. Alimwita hata mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Profesa Odera Oruka, aeleze mila za Wajaluo, ili isionekane kwamba ni mambo ya wazee wasiosoma.

Kwangu mimi kiini cha kesi kilikuwa mashahidi waliosimama mmoja baada ya mwingine kusema marehemu alisema nini. Mjane na watu wake walisema alitaka kuzikwa Matasia, na kama haiwezekani, Lang'ata. Upande wa ukoo ukamleta Albert Ong'ang'o, mchimba makaburi wa kijijini, aliyesema kwamba Otieno alipokwenda kwenye mazishi huko nyumbani alizungumza naye juu ya kumchimbia kaburi siku yake itakapofika, kando ya baba yake. Inawezekana kabisa kwamba wote walisema kweli. Mtu anapokuwa na mkewe husema lile, na anaposimama kwenye kaburi la jamaa, huku wazee wakimtazama, husema hili. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kumpa kila mtu jibu analotaka kusikia? Lakini mahakama haiwezi kumzika mtu mahali pawili.

Tarehe 13 Februari 1987 Jaji Bosire aliamua kwamba ukoo una haki. Wambui akakata rufaa. Majaji watatu, Nyarangi, Platt na Gachuhi, wakaitupa rufaa yake tarehe 15 Mei. Walisema Otieno alizaliwa Mjaluo na akabaki Mjaluo, na kwamba katika mambo ya maziko sheria ya kimila ya Wajaluo ndiyo inayomhusu. Tarehe 23 Mei 1987 alizikwa Nyalgunga. Mjane hakuhudhuria. Nimehesabu kwa kalenda: tangu kifo hadi maziko ni siku 154. Sisi tulikaa siku sita tu na mama yangu bado anaota harufu ya mahali pale.

Sasa nije kwenye sheria, kwa sababu nilipofika hapa nilijiuliza swali ambalo wazee wetu hawakuliuliza: kama Otieno angeandika wosia, mambo yangekuwaje? Nimeisoma Sheria ya Urithi ya Kenya kwa kamusi mkononi, na mwenzangu wa kitivo cha sheria amenisaidia pale nilipokwama.

Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1972 ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, yaani Otieno alikuwa hai na akifanya kazi ilipoanza. Inaruhusu hata wosia wa mdomo. Lakini wosia wa mdomo una masharti: useme mbele ya mashahidi wawili au zaidi wanaofaa, na ufariki katika miezi mitatu tangu kuusema. Ikipita miezi mitatu ungali hai, maneno yako yamekwenda na upepo. Hapo utaona jinsi tunavyojidanganya tunaposema "wote wanajua nilivyosema". Maneno ya Otieno yalisemwa mwaka huu kwa huyu, mwaka ule kwa yule. Wosia ulioandikwa hauna kikomo hicho: ukiusaini mbele ya mashahidi wawili, nao wakatia sahihi, unakaa mpaka uubadilishe mwenyewe, au uoe, kwa kuwa ndoa mpya kwa kawaida huufuta.

Kuna kifungu kingine, cha 80, ambacho nakiona kizito kuliko vyote, ingawa sijasikia mtu akikitaja kilioni. Ukimtaja mtu katika wosia wako kuwa msimamizi, mahakama ikija kuuthibitisha wosia huo, mamlaka yake huhesabiwa tangu saa uliyofariki. Usipoacha wosia, mtu lazima aende mahakamani kuomba hati ya usimamizi, na mamlaka yake huanza siku anapopewa hati hiyo. Kati ya kifo na hati kuna pengo la wiki, wakati mwingine miezi. Katika pengo hilo hakuna mwenye kauli iliyo wazi, na ni ndani ya pengo hilo maiti inalala mochari, ufunguo wa nyumba unabadilishwa kitasa, na gari la marehemu linaondoka na mtu aliyekuja kutoa pole.

Wambui aliingia katika pengo hilo mikono mitupu. Alikuwa na cheti cha ndoa na miaka 23 ya kuishi na mtu, lakini hakuwa na karatasi inayosema: huyu ndiye niliyemchagua. Kama angeingia mahakamani akiwa msimamizi aliyetajwa na marehemu, angekuwa amebeba neno la mumewe mwenyewe.

Sitaki kudanganya kwamba wosia ungemaliza kila kitu. Maiti si mali, na kisheria hairithiwi kama shamba. Mwaka 1985, katika kesi nyingine, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilikwisha sema kwamba matakwa ya marehemu juu ya maziko yake hayamfungi mtu, ila yafuatwe kadiri inavyowezekana maadamu hayapingani na mila wala sheria. Kwa hiyo hata na wosia, ukoo ungeweza kubishana. Lakini ubishi ungekuwa mwingine. Majaji wasingehitaji kupima neno la mjane dhidi ya neno la mchimba kaburi. Wangelazimika kusema wazi: tunajua alichotaka, na tunakikataa. Naamini ni vigumu zaidi kwa jaji kuliandika hilo kwa kalamu yake.

Tena kesi hii haikuhusu mali, jambo ambalo watu wengi husahau. Ukoo haukudai shamba la Matasia mahakamani. Mali ya asiyeacha wosia imewekewa utaratibu na sheria, mjane na watoto wakiwa mbele. Kilichokosa utaratibu ni yale ambayo sheria haikuyakisia: mtu alale wapi, nani aseme neno la mwisho, mjane afanyiwe au asifanyiwe mila zipi.

Lazima niseme jambo la haki kwa upande wa ukoo. Nilipoanza kusoma nilikuwa na mjane moja kwa moja, kwa sababu nilimwona shemeji yetu ndani yake. Nilipofika kwenye maelezo ya mila nikasita. Kijaluo hutofautisha ot, nyumba, na dala, makao ya mtu yaliyoanzishwa kwa taratibu zake. Kwa maelezo ya ukoo, Otieno alikuwa na nyumba Nairobi, hakuwa na dala. Lugha yetu ya Dhopadhola ni ndugu wa Kijaluo, na tofauti hiyo naijua bila kufundishwa: nikiulizwa kwetu ni wapi sisemi hosteli. Wazee wale hawakuwa wanyang'anyi. Waliamini kwamba mtoto wao akiachwa ugenini, si yeye atakayeteseka tu bali na walio hai. Hofu hiyo hata mimi ninayo kidogo, sitakana. Ndiyo maana nasema Otieno aliwakosea wote wawili, mke na ukoo, kwa kunyamaza. Kama alitaka Matasia, wazee walistahili kuambiwa na yeye mwenyewe, mapema, ili wamkasirikie akiwa hai. Kama alitaka Nyalgunga, mkewe alistahili kulijua hilo kabla hajaingia vitani.

Huku Uganda tuna historia yetu. Sheria yetu ya urithi ni ya mwaka 1906, ya wakoloni. Mwaka 1972 iliongezewa mgawanyo wa mali ya mwanaume asiyeacha wosia: watoto asilimia 75, mke au wake wote kwa pamoja 15, wategemezi wengine 9, na mrithi wa kimila 1. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu kadhaa kwa kuwa viliwabagua wanawake, na nchi ikakaa miaka 15 kabla ya Bunge kuziba nafasi hizo. Marekebisho ya mwaka 2022 yanampa mume au mke aliyebaki asilimia 20. Ni hatua. Lakini asilimia hazimwambii mtu nani abaki na kile kiwanja cha Wakiso, na kweli mpaka leo hakijaamuliwa. Shemeji anakilima, wazee wanakitaja kila kikao, na watoto wanakua.

Nilisoma insha hii, ikiwa bado ya mkono, mbele ya babu likizo iliyopita. Ana miaka zaidi ya 80. Hakusema kitu kwa siku mbili. Siku ya tatu aliniambia nimpeleke kwa wakili mjini Tororo, akavaa koti lake la kanisani.

Nilidhani tutakaa dakika kumi. Tulikaa karibu saa mbili, na hapo ndipo nilipoona kwa nini mtu hapaswi kujiandikia peke yake kwenye karatasi ya daftari. Babu alitaka kuwagawia wanawe sehemu ya ardhi ambayo ni ya ukoo, anayoilima tu. Wakili, mama wa makamo, alimweleza taratibu kwamba mtu hawezi kutoa kwa wosia kisicho chake, na kwamba jambo hilo lingewagombanisha wanawe na binamu zao kwa miaka. Babu alitaka baba yangu awe shahidi. Wakili akakataa: mrithi akishuhudia wosia, hujinyima kile alichoachiwa. Tukatoka nje kumtafuta mwalimu mstaafu na mwenye duka la vifaa vya baiskeli. Wakili akauliza nani atakuwa msimamizi, na kama huyo akifariki kabla, nani atashika nafasi yake. Babu akamtaja shangazi yangu, binti yake wa kwanza. Baba alikohoa. Babu akarudia jina lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Juu ya maziko alisema mistari miwili tu, alale wapi na asifanyiwe nini, akataka iandikwe kama alivyoisema, bila kupambwa.

Mwisho wakili alieleza kwamba nakala moja ibaki kwake na nyingine ihifadhiwe mahali ambapo zaidi ya mtu mmoja anapajua, kwa maana wosia uliofichwa vizuri mno ni sawa na usiokuwepo. Babu alisikiliza, akatikisa kichwa, kisha akamuuliza, "Na wewe, binti yangu, wako umeuandika?"

Wakili alicheka, akainama kutafuta kalamu kwenye mtoto wa meza, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.